Ruzuku Iliyotoka Kwenye Tetemeko

Dakika mbili baada ya saa sita usiku, tarehe 14 Novemba 2016, ardhi ilitikisika kaskazini-mashariki mwa Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Wapimaji waliandika ukubwa wa 7.8. Watu wawili walifariki, idadi ndogo kwa tetemeko la nguvu ile, lakini mji mdogo wa Kaikōura uliamka ukiwa umekatika na nchi nzima. Milima ilikuwa imeporomoka juu ya barabara kuu ya pwani, upande wa kaskazini na wa kusini. Reli ilikuwa imesukumwa kutoka kwenye tuta lake. Sakafu ya bahari nayo iliinuka kiasi kwamba gati la South Bay lilibaki na maji haba, boti haziwezi kutoka wala kuingia. Mamia ya watalii waliokuwa wamelala mjini usiku ule waliondolewa kwa helikopta na kwa meli ya jeshi la wanamaji.

Kaikōura haifikishi watu elfu nne, na sehemu kubwa yao riziki yao ni nyangumi. Mwaka 1987 familia za Kāti Kurī, ukoo wa kabila la Kimaori la Ngāi Tahu, ziliweka nyumba zao rehani ili zipate fedha za kuanzisha safari za kuwapeleka wageni baharini kuwatazama. Biashara ile ikaota mizizi, na mji ukajengeka kuizunguka: nyumba za wageni, mikahawa, vibanda vya kuuza kambakochi kando ya barabara. Tetemeko liliharibu baadhi ya majengo, lakini pigo kubwa lilikuwa jingine: wageni walikosa njia ya kufika. Barabara kuu ya pwani ilikuja kufunguliwa tena Desemba 2017, zaidi ya mwaka mzima baadaye.

Ndani ya siku chache serikali ilitangaza msaada wa dola milioni 7.5 za New Zealand kwa biashara ndogo za eneo lile. Mwajiri angepewa dola 500 kwa wiki kwa kila mfanyakazi wa kutwa na dola 300 kwa kila kibarua wa saa chache, kwa wiki nane za kuanzia. Fedha hazikupelekwa mkononi mwa mfanyakazi. Ziliingia kwenye akaunti ya tajiri, naye akalipa mishahara kama kawaida, tofauti ikiwa tu kwamba kazi yenyewe haikuwapo.

Viwango vile vilikuwa vimeshatumika. Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko la Christchurch liliua watu 185 na kuubomoa moyo wa mji wa pili kwa ukubwa nchini. Kabla wiki haijaisha, wizara ya ustawi wa jamii, chini ya Waziri Paula Bennett, ilikuwa na mpango: dola 500 kwa wa kutwa, 300 kwa wa saa chache, wiki sita. Fomu ilikuwa fupi, ukaguzi wa kabla ya malipo ulikuwa mdogo, na malipo yalitoka haraka. Maofisa walifanya hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote wa hoteli anaielewa bila kufundishwa. Mpishi ukimwachia aende, hakai kukusubiri. Anahamia mji mwingine na kuanza maisha. Siku utakapofungua mlango, utakuwa na majiko na meza, lakini mtu wa kupika huna. Kumlipa akae nyumbani miezi miwili ni gharama. Kumtafuta mwingine, kumfundisha na kumzoesha ni gharama kubwa zaidi. Ndiyo sababu walitaka uzi kati ya mwajiri na mwajiriwa usikatike.

Hesabu hiyo ina sharti lililojificha ndani yake: kwamba mlango utafunguliwa karibuni. Baada ya tetemeko ni dhana ya haki. Ardhi hutulia, vifusi huondolewa, mgeni hurudi. Tulishike sharti hilo, maana mambo mengi yaliyofuata yanatoka humo.

Mwaka 2020 ulianza vibaya kwa utalii wa New Zealand hata kabla ya korona kufika. Desemba 2019 volkano ya kisiwa cha Whakaari ililipuka wakati watalii wakiwa juu yake, na watu 22 wakapoteza maisha. Mwanzoni mwa Februari mafuriko yalikata barabara ya Milford Sound, mandhari iliyopigwa picha kuliko karibu zote nchini, na kuwanasa mamia ya wageni. Wiki hiyohiyo serikali iliwazuia wasafiri wa kigeni waliotoka China bara, soko la pili kwa ukubwa baada ya Australia, likakatwa katikati ya msimu wa Mwaka Mpya wa Kichina. Mgonjwa wa kwanza nchini alithibitishwa tarehe 28 Februari.

Kuna jambo msomaji wa Zanzibar au Malindi atalielewa haraka: New Zealand ilikuwa inaishi kwa wageni kuliko picha zake za ng'ombe na kondoo zinavyoonyesha. Mwaka 2019 waliingia watalii karibu milioni 3.9 katika nchi ya watu milioni tano hivi. Utalii wa kigeni ulileta karibu moja ya tano ya mapato yote ya mauzo ya nje, ukiupita hata unga wa maziwa. Watu zaidi ya laki mbili walikuwa wameajiriwa humo moja kwa moja.

Tarehe 14 Machi Waziri Mkuu Jacinda Ardern alitangaza kwamba kila anayeingia, raia au mgeni, atajitenga siku 14. Meli za utalii zilizuiwa. Hapo mwenye hoteli hakuhitaji mchambuzi wa uchumi: mgeni wa likizo ya siku kumi haji kukaa karantini siku kumi na nne. Tarehe 19 Machi, saa sita kasoro dakika moja usiku, mipaka ilifungwa kabisa kwa asiye raia wala mkaazi. Haikuwahi kutokea katika historia ya nchi ile.

Katikati ya tarehe hizo mbili, Machi 17, Waziri wa Fedha Grant Robertson alisimama bungeni na kifurushi cha dola bilioni 12.1. Ndani yake dola bilioni 5.1 zilikuwa ruzuku ya mishahara. Ukiusoma mpango ule kwa makini unaiona sura ya Kaikōura na Christchurch imechungulia: malipo kwa mwajiri, viwango viwili, wa kutwa na wa saa chache, fomu fupi. Ofisi ya kulipa ilikuwa ileile, Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Maofisa hawakuanza na karatasi nyeupe. Walilifungua kabati na kutoa chombo ambacho kilikuwa kimeshafanya kazi.

Kiwango kilikuwa dola 585.80 kwa wiki kwa aliyefanya kazi saa 20 au zaidi, takriban dola 350 za Marekani wakati ule, na dola 350 za huko kwa aliyefanya pungufu ya hapo. Hiyo 585.80 isiyo ya kawaida ililingana senti kwa senti na kilele cha malipo ya likizo ya uzazi ya mwaka ule. Mwajiri alipaswa kutamka kwamba mapato yake yameanguka, au yataanguka, kwa asilimia 30. Fedha za wiki 12 zililipwa kwa mkupuo: dola 7,029.60 kwa kila mfanyakazi wa kutwa.

Siku za kwanza kulikuwa na dari. Kampuni moja isingepata zaidi ya dola 150,000, yaani wafanyakazi 21 hivi wa kutwa, basi. Kwa duka la zawadi za watalii ilitosha. Kwa hoteli yenye watumishi mia mbili ilikuwa kama kikombe cha maji kwenye nyumba inayoungua. Dari liliondolewa Machi 23, siku ambayo Ardern alitangaza kwamba baada ya saa 48 nchi nzima ingeingia ndani, na zile bilioni 5.1 zikapitwa mapema. Mpango sasa ukawa wa karibu kila mtu: kinyozi, fundi bomba, daktari wa meno. Katika miezi iliyofuata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wa nchi walipitia kwenye ruzuku hiyo.

Kwa nini ziliweza kutoka haraka hivyo? Wengi waliosifu mpango ule walisifu moyo wa serikali. Moyo ni sawa, lakini mimi naona sifa kubwa inastahili mamlaka ya kodi. Kila mwajiri New Zealand ana namba ya kodi, kila mwajiriwa ana yake, na tangu Aprili 2019 kila mwajiri alitakiwa kupeleka taarifa za mishahara kila anapolipa, si mara moja kwa mwezi. Wizara ilipopokea ombi, iliweza kuangalia kama kampuni ipo na kama majina yaliyoorodheshwa ni ya watu halisi. Mengine yote iliyaacha kwenye kiapo cha mwombaji. Waliuita mpango wa kuaminiana: lipa kwanza, kagua baadaye. Maombi mengi yalilipwa ndani ya siku chache.

Kuaminiana huko kulikuwa na mlinzi mmoja, naye alikuwa aibu. Mapema Aprili wizara ilifungua ukurasa wa umma ambako yeyote angeweza kuandika jina la kampuni na kuona imepokea kiasi gani na kwa ajili ya wafanyakazi wangapi. Zile ndogo kabisa tu ndizo zilizofichwa, kulinda faragha. Mhudumu wa mkahawa aliyekatwa mshahara aliweza kuingia humo jioni na kujua kama tajiri wake amepokea fungu lake. Magazeti nayo yaliingia. Kampuni kadhaa kubwa zilizomaliza mwaka na faida zilirudisha fedha baada ya majina yao kutajwatajwa. Jumla ya marejesho, ya hiari na ya kudaiwa, ilivuka dola milioni 700. Mtu anaweza kulisoma hilo kama ushahidi kwamba watu ni waaminifu, au kwamba wanaogopa majirani zao. Nadhani yote mawili ni kweli, na serikali haikuhitaji kuchagua.

Mkaguzi Mkuu wa Serikali, John Ryan, hakuridhika. Ripoti yake ya Mei 2021 ilikubali kwamba malipo yalitoka upesi na kwamba ndivyo ilivyotakiwa. Alichokikosoa ni ule ukaguzi wa baadaye, ambao mara nyingi ulikuwa simu kwa mwajiri na mwajiri kujibu kwa mdomo kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Alitaka vielelezo vya maandishi. Kesi za udanganyifu zilifika mahakamani, na ziliendelea kusikilizwa miaka kadhaa baada ya ruzuku yenyewe kusahauliwa.

Sasa twende Queenstown, maana huko ndiko mpango ulikopimwa kwa kipimo kigumu.

Queenstown imekaa kando ya ziwa Wakatipu, chini ya safu ya milima iitwayo Remarkables. Mwaka 1988 kwenye daraja la zamani la mto Kawarau, nje ya mji, AJ Hackett na mwenzake Henry van Asch walifungua biashara ambayo mtu wa kawaida angeiona ya wendawazimu: unalipa, unafungwa kamba ya mpira miguuni, unajirusha. Kutoka hapo mji ulijipa sifa ya kuwa makao ya michezo ya kujitia hofu. Boti za mwendo kasi zinapita kwenye makorongo, helikopta zinapeleka maharusi vileleni, na majira ya baridi yanaleta wenye kuteleza kwenye theluji. Nyuma ya hayo yote kuna watu wanaotandika vitanda, wanaoosha vyombo, wanaowafunga wageni zile kamba. Wengi wao walikuwa vijana wa kigeni, kutoka Brazil, Argentina, Ufilipino, India, Uingereza, wakiwa na viza za muda. Baadhi ya viza hizo zilimtaja mwajiri mmoja kwa jina. Nje ya mwajiri huyo mtu hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi popote.

Ruzuku haikubagua uraia. Mfanyakazi wa kigeni mwenye kibali halali aliingia kwenye hesabu ya mwajiri sawa na mzawa, na hilo ni jambo la kuheshimika; nchi nyingi hazikufanya hivyo. Ila ulinzi wake ulikuwa wa mtu aliye ndani ya orodha ya mishahara. Aliyeachishwa kazi wiki moja kabla, au ambaye mwajiri wake alikata tamaa na kufunga, alikuwa nje. Mzawa aliyekuwa nje alikwenda ofisi ya ustawi. Mgeni hakuwa na haki ya kwenda huko, na ndege ya kumrudisha kwao haikuwapo au nauli yake ilikuwa imepaa. Halmashauri ya Queenstown Lakes, chini ya Meya Jim Boult, iligeuka kuwa mgawa chakula. Maelfu ya maombi ya msaada yalipita kwenye ofisi ya dharura ya wilaya, mengi ya watu waliokuwa wakitengeneza kahawa na kusafisha vyumba mwezi mmoja uliopita. Tarehe 1 Julai tu ndipo serikali kuu ilipoanzisha, kupitia Msalaba Mwekundu wa New Zealand, huduma ya chakula na pango kwa wageni waliokwama.

Tofauti nyingine ilikuja Juni. Waliopoteza kazi kwa sababu ya korona walianza kulipwa dola 490 kwa wiki, hadi wiki 12, wakati mtu mzima asiye na kazi kwa sababu nyingine yoyote alikuwa akipokea takriban nusu ya hizo. Watetezi wa maskini waliuliza swali rahisi: njaa ya mtu aliyeachishwa Februari ni tofauti na ya aliyeachishwa Machi? Serikali haikuwa na jibu zuri. Mgeni mwenye viza ya muda hakuhesabiwa katika malipo hayo pia.

Hata waliokuwa ndani ya orodha hawakuwa salama wote. Toleo la kwanza la mpango lilimtaka mwajiri ajitahidi kadiri awezavyo kulipa asilimia 80 ya mshahara. Baada ya siku kumi sharti likakazwa: anayeomba sasa lazima awabakishe kazini wale anaowaombea kwa muda wote wa ruzuku. Muda wote maana yake wiki 12. Mwezi Aprili, nchi ikiwa bado imejifungia, kampuni za utalii zilikuwa zimeshaanza kupiga hesabu za wiki ya kumi na tatu. Air New Zealand, ambayo serikali ndiyo mwenye hisa mkubwa, ilipokea ruzuku, ikawekewa na mkopo wa hadi dola milioni 900 pembeni, na bado ilipunguza watu wapatao elfu nne. Ngāi Tahu Tourism, mwajiri mkubwa wa Kimaori katika sekta hiyo, ilipunguza mamia na kuzilaza baadhi ya biashara zake, zikiwamo safari za kutembea juu ya mto wa barafu wa Franz Josef. Ni vigumu kuwalaumu. Ruzuku ilibeba sehemu ya mshahara. Haikubeba pango, bima, mkopo wa benki, wala matengenezo ya helikopta isiyoruka.

Bajeti ya Mei 14 iliongeza wiki nane. Sharti lilikuwa mapato yawe yameanguka nusu. Wafanyabiashara wakapiga kelele, likashushwa kuwa asilimia 40. Agosti, korona iliporudi Auckland, zikaongezwa wiki mbili. Mwanzoni mwa Septemba dirisha lilifungwa. Kwa jumla, mwaka 2020 zilitoka karibu dola bilioni 14.

Kwa nchi kwa ujumla chombo kilifanya kazi kuliko hata waliokitengeneza walivyotarajia. Aprili, Hazina ilikuwa imechora picha ambazo katika ile mbaya zaidi ukosefu wa ajira ungeikaribia robo ya nguvu kazi. Kiwango halisi kilipanda hadi asilimia 5.3 katika robo ya tatu ya mwaka, kisha kikaanza kushuka. Kinyozi alirudi kwenye kiti chake, fundi bomba akarudi kwenye mabomba. Mlango ulikuwa umefunguliwa upesi, kama baada ya tetemeko, na uzi haukuwa umekatika.

Utalii haukuwa hivyo. Mwezi Juni maisha ndani ya nchi yalikuwa yamerudi karibu kawaida. Viwanja vya raga vilijaa. Likizo za shule za Julai zilijaza Queenstown kwa wenyeji, na kwa majuma machache ilionekana huenda mambo yakawa sawa. Lakini mwenyeji haji Jumanne ya Novemba kukodi boti. Haendi Franz Josef kwa helikopta kila mwaka. Mapato kutoka kwa wageni wa kigeni katika mwaka ulioishia Machi 2021 yaliporomoka kwa zaidi ya asilimia 90. Lile sharti lililojificha halikutimia. Wiki 22 za ruzuku zilipoisha, mpaka ulikuwa bado umefungwa, na ungebaki hivyo, ukitoa njia iliyofunguliwa na Australia kwa miezi mitatu tu mwaka 2021, hadi mwaka 2022.

Serikali ilijua. Bajeti ya Mei ilitenga dola milioni 400 za kuunusuru utalii, na humo ukazaliwa mpango wa kulinda vivutio vilivyoonekana kuwa vya kimkakati. Hapa mambo yaliharibika, na kuharibika kwake kunafundisha kuliko kufanikiwa kwa ruzuku. Ruzuku ilikuwa na kanuni moja kwa wote: mapato yameanguka kiasi fulani, unalipwa kiasi fulani. Mpango huu mpya ulitaka mtu akae mezani na kuamua kivutio kipi ni hazina ya taifa na kipi ni biashara tu. Miongoni mwa wa kwanza kutajwa na Waziri wa Utalii Kelvin Davis ilikuwa ile kampuni ya kujirusha darajani: hadi dola milioni 5.1 za bure na nyingine kiasi hichohicho kwa mkopo. Safari za nyangumi za Kaikōura nazo zilikuwamo. Kelele zilianza mara moja. Mwenye boti jirani aliuliza kwa nini hofu ya mwenzake ni ya kimkakati na yake si ya kimkakati. Wapinzani bungeni walisema serikali inachagua washindi. Mkaguzi Mkuu aliuchunguza mpango huo pia, na akaona kwamba vigezo na utaratibu wa kuamua havikuwa wazi wala havikufuatwa kwa namna moja. Ni kweli kwamba baadhi ya biashara hizo zisingekuwapo leo bila fedha zile. Ni kweli pia kwamba nyingine zingekuwapo.

Kilichofanyika kwa kimya zaidi, na ambacho mimi nakipa alama nyingi, kilitokea kwenye vijiji vya Franz Josef na Fox. Serikali ilikuwa na mfuko wa kazi za mazingira wa zaidi ya dola bilioni moja. Sehemu yake ilitumika kuwalipa waongoza watalii wa kwenye barafu watege wanyama waharibifu walioletwa kutoka nje, wang'oe magugu, watengeneze njia za msituni. Mshahara haukulingana na wa zamani, lakini mtu alikuwa na kazi yenye maana na alibaki kijijini. Kenya ilipita njia inayofanana na hiyo. Katika kifurushi cha shilingi bilioni 53.7 alichokitangaza Rais Uhuru Kenyatta tarehe 23 Mei 2020, hoteli zilitengewa bilioni 2 za mikopo nafuu, lakini mishahara ya moja kwa moja ilikwenda porini: bilioni 1 kwa maskauti wa jamii 5,500 chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, na bilioni 1 nyingine kwa hifadhi za jamii 160. Mhudumu wa hoteli ya pwani hakupata kitu cha namna hiyo. Skauti alijulikana jina na hifadhi yake. Wapagazi, madereva wa msimu na vijana wa ufukweni walikuwa wangapi, na kwa akaunti ipi wangelipwa? Mamlaka gani ingetoa orodha yao ndani ya siku chache?

Mwezi Mei 2021 waziri mpya wa utalii, Stuart Nash, alitoa dola milioni 200 kwa maeneo matano ya Kisiwa cha Kusini yaliyoumia zaidi, Kaikōura na Queenstown yakiwamo. Agosti mwaka huo kirusi cha Delta kiliingia Auckland, nchi ikajifungia tena, na ruzuku ya mishahara ikatolewa tena kabatini, safari hii dola 600 kwa wiki kwa mfanyakazi wa kutwa, ikilipwa kwa vipande vya wiki mbilimbili hadi Desemba. Ukijumlisha miaka yote miwili, zaidi ya dola bilioni 18 zilipita kwenye chombo kile cha tetemeko.

Waaustralia waliruhusiwa kuingia bila karantini kuanzia Aprili 13, 2022. Mei 2 wakafuata raia wa nchi zisizohitaji viza, na mwisho wa Julai mpaka ulikuwa wazi wote. Wageni walikuja kwa kasi kuliko makadirio, msimu wa theluji ukafurika. Kilichokosekana ni watu wa kuwahudumia. Migahawa ya Queenstown ilifunga siku mbili tatu kwa wiki kwa kukosa wapishi, na hoteli ziliacha vyumba vitupu kwa sababu hakukuwa na wa kuvitandika, wageni wakiwa wanabisha hodi. Wale vijana wa Brazil na Argentina walikuwa wamesharudi kwao. Madereva wa boti walikuwa wameingia kwenye ujenzi. Waongoza watalii wa Kichina wa Auckland walikuwa wametafuta riziki nyingine. Lilikuwa jambo lilelile ambalo maofisa wa mwaka 2011 walitaka kulizuia, na walilizuia, kwa muda ambao fedha zao zilidumu.

Mwaka 2024 New Zealand ilipokea wageni milioni 3.3. Bado ilikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu milioni ukilinganisha na mwaka wa mwisho kabla ya korona.